Kwenda na watoto na kambo (bibi yao) kwenye makumbusho makubwa ya sayansi: jibu kwa mama wa Lubumbashi

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kampemba, Lubumbashi. Mwezi wa saba, shule zikifungwa, tutakwenda Paris kwa mdogo wangu kwa wiki mbili. Mtoto wa kwanza ana miaka 14 na anapenda mambo ya umeme, wa pili ana 9, wa mwisho ana 4. Tutakuwa na kambo yao, mama mzazi wa bwana wangu, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Mdogo wangu anataka kutupeleka kwenye makumbusho ya sayansi ya La Villette, ambako anasema vitu vyote vinaguswa. Lakini jirani mmoja alikwenda huko na familia yake, akarudi anasema watoto walilia na hakuna walichokumbuka. Tufanye nini ili siku hiyo isipotee bure?

JIBU: Mama, watoto wa jirani yako hawakulilia sayansi. Walilia uchovu, njaa na kuvutwa mkono kutoka kituo kimoja kwenda kingine kabla hawajamaliza walichoanza. Kosa hilo ndilo linaloharibu ziara nyingi za namna hii, na linatokana na nia njema: mzazi amelipa tiketi, amesafiri mbali, anaona ni lazima watoto waone kila kitu. Kwenye makumbusho ya kawaida, yenye vitu ndani ya kabati za vioo, unaweza kupita haraka ukabaki na picha kichwani. Kwenye makumbusho ya kujaribu kwa mikono, aliyepita haraka hajaona kitu, kwa sababu jambo lenyewe linatokea mtoto anaporudia mara ya tatu au ya nne na kubadilisha kitu kimoja. Chagueni vituo vitano au sita kwa siku nzima na mkae navyo. Vingine viacheni bila majuto.

Ukubwa wa jumba lenyewe unakulazimisha. Cité des sciences et de l'industrie, ndiyo makumbusho hayo ya La Villette, ilifunguliwa tarehe 13 Machi 1986, usiku ule ule chombo cha angani Giotto kilipopita karibu na nyotamkia ya Halley. Msanifu Adrien Fainsilber aliliunda ndani ya jengo lililokuwa limeanzishwa kama ukumbi wa kuuzia mifugo ya machinjio ya La Villette, na ukumbi wa ng'ombe wa jiji zima si chumba kidogo. Hata mtu mzima mwenye miguu mizuri halimalizi kwa siku moja.

Tiketi ndizo zinazowachanganya wageni wengi. Mle ndani kuna mambo mawili yanayolipiwa mbalimbali. La kwanza ni maonyesho ya Explora, ghorofa ya 1 na ya 2, ambako mnaingia na kuzunguka kwa wakati wenu. La pili ni Cité des enfants, sehemu ya watoto wadogo, yenye tiketi yake na saa yake: mnaingia kwa zamu ya saa moja na nusu, na zamu ikiisha wote hutoka. Tiketi ya Explora haikuingizi kwa watoto, na ya watoto haikupandishi ghorofani. Mdogo wako anunue zote kwenye intaneti siku kadhaa kabla, aanze na zamu ya Cité des enfants, kwa maana hiyo ndiyo inayojaa kwanza, kisha apange mengine kuizunguka. Asome pia mipaka ya umri na idadi ya watu wazima wanaoruhusiwa kuingia na mtoto, kwa sababu ukumbi ule haupokei jamaa nzima nyuma ya mtoto mmoja. Chini ya miaka 25 kuna bei ya kupunguziwa, basi watoto wachukue vitambulisho au pasipoti. Jumatatu pamefungwa. Jumanne hadi Ijumaa asubuhi ndiyo nafasi nzuri. Jumapili, na siku yoyote ya mvua, Paris yote yenye watoto inakimbilia humo.

Kufika ni rahisi. Metro ya mstari wa 7 inashusha kituo cha Porte de la Villette, na tramu T3b ina kituo chenye jina hilo hilo. Kwa ajili ya kambo chagueni tramu hata kama inachelewa kidogo: unaingia sakafu ikiwa sawa na jukwaa, hakuna ngazi. Metro za Paris zina ngazi nyingi, na magoti yakichoka kabla ya mlango siku imeisha. Kila mtu anayelipa awe na kadi yake ya nauli. Kadi moja haipitishi watu wawili safari moja. Mtoto wa chini ya miaka 4 halipi, lakini wako ametimiza 4, kwa hiyo msimhesabu bure. Mlangoni mifuko inakaguliwa, basi masanduku na mizigo mikubwa ibaki nyumbani.

Kuhusu kambo, ulizeni dawati la mapokezi mara tu mkiingia kama kuna kiti cha magurudumu au kiti chepesi cha kukunja cha kuazima. Makumbusho makubwa ya Ulaya huwa navyo, na mara nyingi wanataka tu kitambulisho kama dhamana. Wazee wetu hukataa kiti cha magurudumu kwa kuona ni aibu. Kile cha kukunja hukubalika zaidi, na kinamwezesha kukaa karibu kabisa na kituo ambacho mjukuu anajaribu. Ninaliomba hili kwa dhati: msimwache kambo kwenye benchi mlangoni na mifuko. Mtoto wa miaka 9 anajifunza vizuri anapolazimika kumweleza mtu mwingine kwa Kiswahili alichokiona kwa Kifaransa, na kambo ndiye msikilizaji anayefaa, maana atauliza hadi aelewe.

Siku yenyewe igawanyeni hivi. Fikeni robo saa kabla ya kufunguliwa. Zamu ya kwanza mdogo wako aingie Cité des enfants na yule wa miaka 4, na wa miaka 9 pia kama umri unaruhusu na mwenyewe anapenda. Wewe, mkubwa na kambo mpande Explora. Mtoto wa miaka 14 akilazimishwa kumfuata wa miaka 4 saa nzima, atatoa simu na hutamrudisha tena. Kwa huyo wa miaka 4 bebeni suruali na soksi za kubadilisha, kwa sababu maji ndiyo yanayowavuta watoto wa umri huo, na wataloa hata wakivaa aproni. Mtu mzima aliye naye asimwelekeze. Akae chini, amwangalie, na amsaidie pale tu anapokwama hadi anataka kuondoka.

Mle chakula mapema, kabla ya saa sita, wakati foleni hazijawa ndefu. Nje kuna bustani ya La Villette, hekta 55, yenye majani ya kukalia na mfereji wa maji kando yake. Mikate, mayai na matunda mliyobeba vinatosha, na mtaokoa euro nyingi. Kabla ya kutoka ulizeni kama tiketi inawaruhusu kurudi ndani.

Baada ya kula wekeni planetariumu, ukumbi wa nyota wenye paa la mviringo. Ni giza, mnakaa, miguu inapumzika, na kambo anafaidi kama wengine. Nafasi zake hushikwa mapema, na mlango ukishafungwa hawafungui tena. Mtoto wa miaka 4 mwambieni tangu nyumbani kwamba taa zitazimwa na ataushika mkono wako. Kinachomliza ni giza la ghafla. Kwa watoto wa Lubumbashi ukumbi huu una jambo la pekee, kwa sababu anga watakaloonyeshwa si lao. Nyota ya Kaskazini, ambayo Paris iko juu karibu digrii 49 kutoka upeo, haionekani kamwe Lubumbashi, kwani iko chini ya upeo wetu. Nao wa Paris hawauoni Msalaba wa Kusini. Usiku mmoja kabla ya safari, tokeni nje umeme ukikatika, muuangalie Msalaba huo vizuri, halafu mwambie mkubwa autafute kwenye anga la Paris. Akiukosa, aulize kwa nini.

Alasiri rudini Explora wote pamoja kwa vituo viwili tu, na muondoke mapema jioni haijaingia, hata kama tiketi bado inaruhusu. Saa tano za namna hii kwa mtoto wa miaka 4 tayari ni nyingi.

Sasa vituo vyenyewe. Maonyesho hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo sikutajii chumba. Nakutajia aina za vituo ambazo makumbusho ya namna hii duniani kote huwa nazo, nini cha kufanya pale, na watu wanakosea wapi.

Cha kwanza kwa mtoto anayependa umeme, na kwa mtoto wa Katanga hasa, ni sumaku inayoanguka ndani ya bomba la shaba. Ukiachia kitu kianguke mita moja, kinafika chini kwa chini ya nusu sekunde. Sumaku kali ndani ya bomba nene la shaba inashuka polepole, sekunde kadhaa, kana kwamba kuna mtu anaishika. Kabla ya kumwachia ajaribu, mwambie aiguse sumaku kwenye shaba kwa nje. Haing'ang'anii hata kidogo. Hapo ndipo wazazi wengi wanapoharibu, kwa kueleza haraka kwamba shaba inaivuta sumaku. Haiivuti. Sumaku ikitembea karibu na shaba, inazalisha mkondo wa umeme ndani ya shaba. Mkondo huo unageuka sumaku unaosukuma kinyume na mwendo. Sumaku ikisimama, mkondo unakufa. Ndiyo maana sumaku haikwami katikati ya bomba: ingekwama, kingekosekana kinachoizuia. Kukiwa na bomba la alumini la ukubwa ule ule, ahesabu sekunde. Sumaku itapita haraka zaidi, kwa sababu alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba. Mtoto aliyezaliwa kwenye mji uliojengwa na shaba aelewe kwa vidole vyake kwa nini dunia yote inaitafuta.

Hilo linaweza kuanza kabla hamjapanda ndege. Nendeni wiki moja kabla kwenye Musée National de Lubumbashi, mkaone misalaba ya shaba ambayo wazee wa eneo letu waliitumia kama fedha. Saa moja inatosha, na itakuonyesha jambo ambalo hakuna mtaalamu atakayekuambia: mtoto wako wa miaka 4 anavumilia dakika ngapi ndani ya makumbusho kabla hajaanza kujitupa chini. Dakika hizo ndizo mtakazopangia siku ya Paris.

Cha pili ni sahani mbili kubwa zenye umbo la parabola, kama dishi la televisheni, zinazotazamana kutoka mbali. Mtu ananong'ona hapa, mwingine anasikia kule kama yuko sikioni kwake. Watu wengi huondoka wakisema kimeharibika, kwa sababu wanasimama wakimtazama mwenzao na kupiga kelele. Inatakiwa umpe mwenzako mgongo, uso uelekee sahani, mdomo ukiwa pale penye alama au pete, kisha unong'one kwa sauti ndogo kabisa. Sauti ikitoka kwenye nukta hiyo moja, sahani inairudisha ikiwa sambamba bila kutawanyika, na ya pili inaikusanya tena kwenye nukta yake. Ukisogea pembeni hatua moja, mkusanyo huo unapotea. Mweke kambo upande mmoja na mjukuu upande wa pili, wazungumze Kiswahili. Kituo hiki hakihitaji hata neno moja la Kifaransa.

Kamera ya joto inapendwa na wa miaka 9. Aweke kiganja ukutani sekunde 10, akitoe, aone alama inavyobaki. Halafu aingize mkono ndani ya mfuko mwembamba mweusi wa plastiki, ambao macho hayapenyi: kamera itauona mkono. Kisha aweke miwani ya kambo mbele ya uso: kioo ambacho macho yanapenya, kamera haipenyi. Bebeni mfuko huo. Ni gharama ya bure na hufungua maswali mengi kuliko bango la ukutani.

Viti vinavyozunguka, ambavyo ukikunja mikono kuelekea kifua vinaongeza mbio, ni vizuri, ila si mara tu baada ya kula. Na tahadhari moja ya kweli: kama kambo ana kifaa cha umeme cha moyo kifuani, asikaribie vituo vya sumaku kali. Kama mtoto yeyote ana kifafa, epukeni vyumba vya taa zinazomweka.

Vituo vingine mtavikuta vimeharibika. Vitu vinavyoshikwa na maelfu ya mikono huharibika, na kibandiko cha "en panne" si sababu ya kununa. Tatizo kubwa zaidi ni mtoto kukimbia kutoka kitufe hadi kitufe, anabonyeza na kuondoka kabla kitu hakijatokea. Kumkaripia hakusaidii. Muulize kabla hajabonyeza: "Unadhani itakuwaje?" Akishasema jibu, hata la ovyo, atabaki kuona kama amepatia. Na kama hujui jibu, mwambie hujui na mjaribu pamoja. Kusoma mabango marefu mbele ya mtoto anayetaka kugusa kunamfukuza. Soma wewe pembeni, au piga picha mkasome nyumbani kwa mdogo wako.

Kuhusu mtoto kupotea: asubuhi, kabla ya kutoka, mpigeni kila mtoto picha akiwa na nguo za siku hiyo. Wa miaka 4 aandikwe nambari ya simu ya mdogo wako mkononi kwa kalamu isiyofutika haraka, ukianza na nambari inayofanya kazi Ufaransa, siyo ya Congo. Wawili wakubwa wajue mahali pamoja pa kukutania, dawati la mapokezi ghorofa ya chini, na sheria moja: anayepotea asitafute, aende pale.

Kuna majaribio mawili ambayo familia ya Paris haiwezi kuyafanya na ninyi mnaweza, kwa sababu mnatoka juu. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Paris iko karibu na usawa huo. Chukueni chupa tupu ya plastiki laini ya lita 1.5, mkaikaushe ndani, mfunge kifuniko kwa nguvu nyumbani Kampemba na kuiweka ndani ya sanduku la kupakia, siyo mkobani, maana ukaguzi wa uwanja wa ndege unaweza kuwataka muifungue. Mkifika Paris itakuwa imebonyea. Hewa ya Paris inagandamiza zaidi, na ile mliyoibeba imebanwa na kupungua kiasi cha sehemu 14 kwa 100. Izamisheni mdomo chini kwenye beseni la maji na kuifungua humo humo: itavuta maji, hadi mililita 200 hivi. Apime wa miaka 9. La pili ni jikoni: kwetu maji yanachemka karibu digrii 96, Paris karibu 100, kwa hiyo maharagwe ya aina ile ile yanaiva upesi zaidi kwa mdogo wako. Pimeni muda kabla ya safari, na muda wa kule, sufuria ile ile isiyo na presha.

Kwa mkubwa, kama kuna siku nyingine ya nafasi, mstari huo huo wa metro, wa 7, unashusha kituo cha Place Monge, na kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Panthéon, jumba la kumbukumbu la watu mashuhuri wa Ufaransa. Humo mwaka 1851 mwanafizikia Léon Foucault alining'iniza pendulamu, yaani uzito unaobembea, yenye waya wa mita 67 na tufe la kilo 28, akaonyesha Dunia inazunguka. Nakala yake ipo, na wa chini ya miaka 18 hawalipi. Mstari wa mwendo wake unageuka kama digrii 11 kwa saa, unamaliza mzunguko kwa saa 32 hivi. Lubumbashi, karibu zaidi na ikweta, pendulamu kama hiyo ingehitaji karibu siku tano, na ingegeuka kinyume chake. Muachie kazi ya kutafuta sababu kwa kutumia mchoro wa tufe na latitudo, wala usimpe jibu. Ana umri wa kutosha.

Mkirudi, sumaku na shaba zinaweza kuendelea nyumbani bila bomba la kununua. Mafundi wa kompyuta wana diski kuu zilizokufa, na ndani yake mna sumaku kali nyembamba. Inamishe mfuniko mnene wa sufuria ya alumini, uache sumaku iteleze, halafu rudia kwenye ubao ulioinamishwa hivyo hivyo. Kwenye alumini itashuka kwa kusitasita. Sumaku za spika kuukuu ni dhaifu kwa jaribio hili, na watoto watadhani wamekosea. Sumaku za diski zikikutana mbili zinabana ngozi vibaya, basi wa miaka 4 asiachiwe nazo, na hata vipande vyake visiwe pale anapoweza kuvimeza.

Na fedha zikibana hadi mlazimike kupunguza tiketi, msinunue ya Explora kwa watu wote sita. Nunueni zamu ya Cité des enfants kwa mtoto wa miaka 4 na mtu mzima mmoja, Explora kwa watoto wakubwa wawili na mtu mzima mmoja, na planetariumu iachwe. Kambo aingie na watoto wakubwa siku hiyo, wewe uende na wa miaka 4.